Njia za Baiskeli za Pwani Hupangwa kwa Upepo

Mtu anayetaka kuendesha baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi huuliza kwanza umbali, naye hujibiwa kwamba ni kilomita zipatazo 120, kwamba barabara yote ni ya lami, na kwamba milima hakuna. Majibu hayo yote ni ya kweli, na bado mtu anaweza kuondoka nayo kamili kichwani akafika Kilifi hoi. Nimeishi Mombasa na kuendesha baiskeli ya mbio katika barabara za pwani kwa miaka mingi, na miguu yangu imenifundisha kwamba hapa umbali ni jambo la pili. La kwanza ni upepo: mwezi huu unatoka wapi, na leo utaamka saa ngapi. Kilomita 60 za kwenda Kilifi wakati kusi, upepo utokao kusini, inakusukuma mgongoni ni matembezi ya asubuhi, lakini kilomita hizo hizo za kurudi alasiri ya mwezi wa Julai humfanya kijana mwenye nguvu ashuke gia moja baada ya nyingine kwenye barabara iliyo tambarare, kana kwamba anapanda kilima kisichoonekana.

Mabaharia wa pwani hii walipanga mwaka wao wote kwa pepo mbili. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka kwa kaskazi, yakafanya biashara Lamu, Malindi, Mombasa na Unguja, kisha yakarejea kwao kwa kusi. Pepo hizo ndizo zinazompiga mwendesha baiskeli leo. Kaskazi hushika takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ikitokea kaskazini mashariki, na huja na jua kali na anga kavu. Kusi huanza kuingia Aprili pamoja na mvua za masika, hupata nguvu zake kamili kati ya Juni na Agosti, na hulegea kufikia Oktoba. Kati ya misimu hiyo miwili kuna tanga mbili, siku ambazo upepo haujaamua upande, na chombo kinaweza kwenda kokote. Kwa anayependa kwenda na kurudi kwa siku moja bila kuteseka, hizo ndizo wiki za kuzisubiri, ingawa mvua za vuli nazo huweza kumkuta njiani.

Barabara ya Mombasa na Malindi hufuata ufuo ikielekea kaskazini, ikiinama kidogo upande wa mashariki. Kwa hiyo kanuni yangu ya safari ndefu ya upande mmoja ni fupi: wakati wa kusi naanzia Mombasa na kumalizia Malindi; wakati wa kaskazi napanda matatu hadi Malindi jioni, nalala huko, na asubuhi naendesha kurudi nyumbani. Kusafirisha baiskeli kwa matatu si kazi ngumu ikiwa mtu anajua adabu zake. Bei ya baiskeli hupatanwa kabla haijainuliwa juu ya keria, gurudumu la mbele huondolewa na kufungwa kando ya fremu, cheni hufunikwa kwa kitambaa kikuukuu ili isichafue mizigo ya wenzako, na mwenye baiskeli husimama chini kuhakikisha kwamba hailaliwi na magunia. Anayeona kwamba safari ya kurudi kwa gari si safari kamili anajinyima raha kubwa, kwa sababu hakuna nahodha wa jahazi aliyewahi kudharauliwa kwa kungoja upepo wake.

Ndani ya msimu kuna saa za siku, na hizi zina uzito uleule. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, na karibu na alfajiri hewa hutoka bara kwenda baharini polepole. Huo ndio umande, nao kwa mwendesha baiskeli ni kama hakuna upepo kabisa. Jua likishapanda, ardhi hupata joto kabla ya maji, hewa yake hupanda juu, na hewa ya baharini hukimbilia kuziba nafasi hiyo. Kufikia saa tatu asubuhi majani ya minazi yameanza kusema. Kufikia saa nane mchana upepo wa bahari umeungana na upepo wa msimu, na jumla yao ndiyo inayowafurahisha wale wanaocheza na tiara za baharini huko Watamu na kaskazini ya Malindi. Kutokana na hili inapatikana kanuni ya pili, ya safari za kwenda na kurudi: anza kwa kuelekea upande unakotoka upepo, upepo wenyewe ukiwa bado umelala, kisha urudi nao ukiwa umeamka. Wakati wa kaskazi, basi, natoka alfajiri kuelekea kaskazini. Wakati wa kusi natoka kuelekea kusini.

Kanuni hiyo ya pili sikuipata katika kitabu chochote. Nilifundishwa Shariani, nyuma kidogo ya Vipingo, na mzee mmoja aliyekuwa akipakia madafu kwenye baiskeli yake nzito ya chuma, ile isiyo na gia wala mbwembwe, ambayo Kenya nzima inaijua kama blakimamba. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaiangalia baiskeli yangu kwa hamu ya fundi, kisha akaniuliza naelekea wapi. Nilipomwambia kwamba nataka kwenda hadi Kilifi na kurudi Mombasa kabla ya adhuhuri, alitazama vilele vya minazi. "Mwanangu, sasa hivi imelala," aliniambia. "Lakini hii ni kusi. Ukishapata chai yako Kilifi itakuwa imesimama njiani inakungoja. Mimi mzigo mzito naupeleka kusini alfajiri, na nikirudi mtupu huwa inanisukuma yenyewe." Mtu huyu alikuwa na shehena ambayo mimi singeweza hata kuisimamisha wima, na aliimudu kwa sababu alijua saa. Tangu siku hiyo, kabla ya kupanga njia mpya, huwauliza kwanza wachukuzi wa madafu, wauza samaki na wauza mikate wanaopita hapo kila siku kwa baiskeli. Wanajua wapi lami imemomonyoka, wapi mchanga huhamia barabarani baada ya mvua, na wapi upepo hukusanyika.

Kwa maana upepo haupigi kila mahali kwa kiasi kimoja. Kutoka kisiwani Mombasa mtu huvuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, na hapo juu ya maji ndipo anapopata habari ya kwanza ya siku yake: bendera na mashati yakianza kupepea pale kabla ya mapambazuko, ajue kwamba mchana utakuwa mgumu. Baada ya daraja ni Kongowea, Bamburi, Shanzu na Mtwapa, na sehemu hii siipendi wala siisifu. Ni mji mtupu, malori, matatu, tuktuk na bodaboda, na katika miaka ya karibuni kazi ya kupanua barabara kuelekea Kilifi imeongeza vumbi na michepuko. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa nyekundu ikiwaka nyuma na nyeupe mbele, ili niwe nimelivuka daraja la Mtwapa kabla shughuli hazijakolea. Kinachohitajika hapa ni kuyasoma magari. Matatu inayokupita haiendi mbali. Mtazame makanga mlangoni, na akishapiga bodi kwa kiganja, jua kwamba gari linaingia kushoto mbele yako kumshusha abiria, hata kama hakuna kituo. Bodaboda nazo hupita ukingoni zikitoka upande usio wao, kwa hiyo jicho moja halitoki mbele.

Lori lina somo lake, na linahusu upepo moja kwa moja. Unapokwenda kaskazini wakati wa kusi, upepo hukujia kutoka nyuma upande wa kulia, na bila kujua unakuwa umeegemea kidogo kulia ili usisukumwe ukingoni. Lori linapokupita, linauziba upepo huo ghafla, na mwili uliokuwa umeegemea hukosa cha kuegemea, ukayumba kuelekea kwenye magurudumu. Likishapita, upepo hurudi kwa kishindo na kukutupa kushoto, ambako mara nyingi lami imekatika na kuna kina cha kiganja kizima hadi kwenye udongo. Dawa yake ni kulisikia lori mapema, kushika usukani kwa sehemu ya chini, kupunguza mwendo na kuulegeza mwili, usiegemee popote. Unaporudi kusini wakati wa kaskazi, hatari inageuka: upepo unatoka nyuma upande wa kushoto, upande wa bahari, nao unakusukuma katikati ya barabara. Wakati huo mimi huendesha nikiwa na nafasi ya kutosha kushoto, na huwa siachi mkono mmoja kwa ajili ya kunywa maji mpaka nimeangalia nyuma.

Kutoka Majengo ya Kanamai na Kikambala minazi hukinga kiasi, na hapo mtu hujidanganya kuhusu nguvu zake. Ukweli hujulikana Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge. Mkonge ni mmea mfupi. Safu zake za kijani kibichi zenye rangi ya majivu zinakwenda hadi zinapokutana na anga, hakuna mti wa kusimamisha kitu, na upepo wa bahari unapita juu yake bila kizuizi. Ni mahali pazuri mno asubuhi, mwanga ukiwa wa pembeni na kila jani lenye ncha likitupa kivuli chake. Lakini mchana wa kaskazi, kwa anayekwenda Malindi, pale ndipo safari nyingi zilipovunjika. Wanaoendesha kwa kundi hujipanga hapo kwa mshazari, mmoja nyuma na kando ya mwenzake upande ulio salama na upepo, na kupokezana mbele. Lakini mpango huo hutaka upana wa barabara, na mbele ya magari hautekelezeki, kwa hiyo bora kundi liwe dogo na lipite mapema.

Msomaji atakuwa ameona kwamba hadi sasa sijaieleza bahari yenyewe. Sababu ni kwamba barabara kuu haioneshi. Kutoka Mtwapa hadi Malindi lami hukaa bara, na anayeifuata bila kukata kona ataiona bahari madarajani tu, kisha aende kuwaambia watu kwamba aliendesha ufuoni. Uzuri wa njia hii uko katika michepuko, na kwangu mchepuko mkuu ni Takaungu. Unaacha lami kabla ya Kilifi, unakata kulia, na baada ya kilomita chache unaingia katika mji mkongwe wa Waswahili uliokaa juu ya hori nyembamba. Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walipong'olewa huko na Sayyid Said, sultani wa Omani, mwaka 1837, tawi moja lao lilishika makao hapa, na Takaungu ikawa na jina kubwa kuliko ukubwa wake. Leo ni mji mtulivu wa misikiti, makaburi ya kale, nyumba za mawe na za makuti, na vichochoro ambamo baiskeli husukumwa kwa mkono. Nasema husukumwa kwa makusudi. Nguo za kubana za waendesha baiskeli ni za barabarani. Mimi hubeba suruali nyepesi na kuivaa juu kabla ya kuingia mjini, nashuka, nawaamkia wazee barazani, na kwa kufanya hivyo sijawahi kukosa maji ya kunywa wala mtu wa kunionesha njia. Wenzangu wanawake wanaoendesha nami hutia leso mabegani, na mazungumzo hufunguka pale pale.

Kwenye hori ya Takaungu kuna mashua ndogo za kuvusha watu. Baiskeli huwekwa kwa upande, cheni ikielekea juu isiguse maji ya chumvi, na ng'ambo yake kuna njia za miguu zinazopita mashambani hadi kwenye majabali ya Vuma. Pale ufuo hauna mchanga. Ni ukuta wa matumbawe ya kale uliochongwa na mawimbi, nyasi zinafika hadi ukingoni, na kusi ikivuma maji hupanda juu ya mwamba kwa kishindo ambacho husikika kabla ya kuonekana. Nimekwenda sehemu nyingi za pwani kwa magurudumu mawili, na kwa maoni yangu hakuna inayoishinda hii. Anayetaka kuikuta bahari ikiwa na nguvu zake aende siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yakiwa yamejaa. Na kwa kuwa maji hujaa na kupwa kwa zamu ya takriban saa sita, aliyejua saa ya kujaa jana anaweza kukadiria ya leo kwa kuongeza chini ya saa moja. Njia hizo ni za udongo mwekundu na mawe ya matumbawe yenye makali. Tairi za milimita 25, ambazo wengi huzipenda kwa wepesi wake, hukatika ubavuni. Mimi natumia za milimita 32, na siupulizi upepo mwingi, kwa sababu tairi iliyojaa mno hurukaruka juu ya mawe na kumchosha mtu mikono.

Mnarani, ukingo wa kusini wa hori ya Kilifi, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, na chini yake ndipo feri ilipokuwa ikitia nanga kabla ya daraja kukamilika mwaka 1991. Daraja la Kilifi ni refu kwenda juu, na upepo huingia kutoka mdomo wa hori na kukupiga kulia ukiwa unakwenda kaskazini. Sisimami katikati yake kupiga picha, hata mandhari iwe nzuri vipi. Kuna mahali pa kusimama pande zote mbili, na mashua zilizotia nanga chini huonekana vizuri zaidi ukiwa umetulia.

Mjini Kilifi nakula. Kwa saa tatu za pwani jasho halikauki, kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji, na mwili hutoka chumvi nyingi bila mwenyewe kuhisi mpaka misuli ya paja ikaze. Chakula cha asubuhi cha huku kinafaa kazi hiyo kuliko pakiti zozote za dukani: mahamri kwa mbaazi za nazi zilizotiwa chumvi ya kutosha, chai, na baadaye dafu moja la kunywa na kula nyama yake. Viazi karai vyenye ukwaju navyo nimevipenda njiani, lakini si kabla ya kupanda kiti kwa saa mbili nyingine. Wakati wa Ramadhani mambo hubadilika, na mgeni ajue hivyo mapema. Mikahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo asiyefunga hubeba chakula chake na kukila faraghani, mbali na macho ya waliofunga. Muhimu zaidi ni saa ya kabla ya magharibi, watu wote wanapokimbilia futari nyumbani, madereva wana njaa na haraka. Katika saa hiyo baiskeli yangu haimo barabarani kabisa.

Baada ya Kilifi barabara hutulia. Tezo, Ngerenya, Matsangoni na Roka hupita moja baada ya nyingine kati ya mikorosho, miembe na mibuyu, na upande wa kushoto msitu wa Arabuko-Sokoke huanza kusogea. Msitu huu wa kilomita za mraba zipatazo 420 ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake anaishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama ambaye karibu haonekani popote pengine duniani. Wapo wanaotarajia kwamba msitu utawakinga na upepo. Hauwakingi, kwa kuwa umekaa upande wa bara na upepo unatoka baharini. Unachowapa ni hewa baridi ya alfajiri inayotambaa kutoka chini ya miti, na kivuli cha alasiri jua linapoinamia magharibi.

Gede ni mahali pa kutua, kwa ajili ya mji wake wa mawe ulioachwa na wenyewe karne nyingi zilizopita, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kutoka hapo hadi Watamu ni kilomita chache kuelekea mashariki, na kwa sababu hiyo hiyo nina tahadhari. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi jua liko usawa wa macho, mbele yako na mbele ya dereva aliye nyuma yako, naye haoni kitu. Katika saa hizo mimi huwa magofuni, natembea kati ya mabaki ya kasri na misikiti chini ya miti mikubwa, na barabara ya Watamu naichukua jua likishainuka. Mchepuko wa Mida Creek, penye mikoko na njia ya mbao iliyoinuliwa, hupangwa kwa maji badala ya jua: maji yakipwa, ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hushuka kwenye matope kula, na yakijaa husogea mbali.

Kuhusu pwani ya kusini nitasema machache. Barabara ya Diani ina miti mikubwa na mbega wanaovuka juu yake kwa ngazi za kamba, na kivuli chake ni neema, lakini bahari imefichwa na kuta za hoteli. Gazi, penye mikoko inayotunzwa na wanakijiji wenyewe, inastahili siku yake peke yake. Pepo ni zilezile, na kanuni ni zilezile. Wenzetu wanaoendesha kati ya Tanga na Pangani wanazifuata pia.

Njia ninayoirudia kuliko zote ni ile ya kaskazini ya Malindi wakati wa kaskazi. Natoka mjini gizani, navuka daraja la Sabaki, mto unaoibeba nchi kavu na kuimwaga baharini mpaka maji ya Malindi yakawa mekundu msimu wa mvua, na naingia Mambrui watu wakitoka msikitini. Hapa mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walifukua sarafu ya Kichina ya karne ya 15, na kaburi la nguzo la mji huu lilipambwa kwa vyombo vya kaure vya huko huko. Vitu hivyo vilifika kwa pepo ninazozungumzia. Mbele ya Mambrui miti hupungua, ardhi hulala wazi, na huko Gongoni huanza mabwawa ya chumvi, meupe kwa mbali kama ukungu ulioanguka. Wafanyabiashara wa chumvi walipachagua kwa sababu zile zile zinazomchosha mwendesha baiskeli: jua jingi, mvua chache, ardhi tambarare, na upepo usiokoma kuyakausha maji. Kufikia saa mbili asubuhi niko Ngomeni, natazama majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini, ambayo Waitalia walirushia setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988, mojawapo ikiwa Uhuru, iliyorushwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya mwaka 1970, setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani.

Kutoka Ngomeni sichelewi. Kaskazi ikishaamka hubeba chumvi na mchanga laini pamoja nayo, na vyote viwili huingia kwenye cheni, kwenye rimu na kwenye kila skrubu. Narudi Malindi nikisukumwa, gia ya juu, bila haja ya kukanyaga kwa nguvu, na kabla sijaoga mwenyewe naiosha baiskeli kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, kwa kumwagia, si kwa mpira wa kusukuma maji ambao huyatia ndani ya beringi. Naikausha kwa kitambaa, natia mafuta kwenye cheni tone kwa tone, na mara moja kwa mwezi nang'oa nguzo ya kiti na kuipaka grisi, kwa kuwa alumini na chuma katika hewa hii hushikana pamoja, na nimeona fundi hodari wa Malindi akihangaika na msumeno siku nzima juu ya fremu ya mteja aliyeiacha hivyo mwaka mmoja tu.